Katika Kutafuta Jina la Mama: Njia za Kufuata Nasaba ya Binti wa Mhamiaji wa Kitaliana

Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa yajulikana na kila asemaye Kiswahili. Lakini methali hiyo yamsema mtu aliyeiacha asili yake kwa kupenda. Haimsemi mtu ambaye asili yake imepotea mikononi mwa waandishi wa daftari, huku mwenyewe akiitafuta usiku na mchana. Makala haya yamhusu mtu wa namna hii ya pili. Nia yangu ni kueleza jinsi nasaba ya binti wa mhamiaji wa Kitaliana katika Marekani inavyoweza kufuatwa kutoka mji alimozaliwa mpaka kijiji walikotoka wazee wake, na kuonyesha kwamba elimu ya lugha ina kazi kubwa katika safari hiyo. Mwishoni nitasema neno moja juu yetu sisi wenyewe.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari katika mji wa Philadelphia, nilipanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja mkongwe, upande wa kusini wa mji, mahali ambapo Wataliana wamekaa tangu karne ya kumi na tisa. Mji huo ndio wenye parokia ya kwanza katika Marekani kuundwa kwa ajili ya Wataliana, nayo iliundwa mwaka 1852. Mwaka 2012 bibi huyo alitimiza miaka 90. Baba yake alikuwa mkulima wa kusini ya Italia aliyekuja Marekani kufanya kazi ya reli. Mama yake alikufa mwaka 1925, binti akiwa na miaka mitatu tu. Baba alioa tena, na tangu siku hiyo jina la marehemu halikutajwa tena katika nyumba ile. Baba naye alikufa mwaka 1951, na siri yake akaenda nayo.

Yaliyobaki ya yule mama yalikuwa ni kaburi lenye jiwe dogo. Juu ya jiwe palichongwa jina la mkato la Kiingereza, na baada yake jina la ukoo wa mumewe, nalo limekosewa herufi mbili. Bibi aliniambia jioni moja, "Nimeishi miaka tisini nikiitwa Mtaliana, wala sijui mama yangu aliitwa nani. Sitaki kuzikwa kando ya mtu nisiyemjua jina." Alikuwa ametafuta kwa muda wa miaka thelathini bila kupata. Kwa ajili ya heshima sitataja jina lake, wala la wazazi wake, wala la kijiji chao. Panapohitajika mfano nitatoa majina ya kawaida ya Kitaliana yasiyohusu ukoo huo.

1. Msafara wenyewe

Yafaa kwanza msomaji aujue ukubwa wa jambo. Baina ya mwaka 1876 na mwaka 1976 watu wapatao milioni 26 walitoka Italia kwenda nchi nyingine. Kati yao zaidi ya milioni nne waliingia Marekani baina ya mwaka 1880 na mwaka 1924, na wengi walikuwa watu wa kusini na wa kisiwa cha Sicily: wakulima wasio na ardhi ya kuwatosha, waliolemewa na kodi na madeni. Wanaume wengi hawakwenda kwa nia ya kuhama. Walikwenda kufanya kazi msimu mmoja au miwili, wakarudi na fedha, kisha wakaenda tena. Mtu huweza kuonekana katika orodha za abiria mara tatu au nne, na mtafutaji asiyelijua jambo hili hudhani ameona watu wanne.

Mlango mkuu wa kuingilia ulikuwa kisiwa cha Ellis, katika bandari ya New York. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892 na kufungwa mwaka 1954, na watu wapatao milioni 12 walipita hapo. Mwaka 1907 peke yake walipita zaidi ya milioni moja. Mwaka 1924 Marekani ilitunga sheria ya kuweka kiasi cha wageni kutoka kila nchi, na mlango ukawa mwembamba sana kwa Wataliana.

Hapa yapasa kusahihisha hadithi moja isimuliwayo sana. Yasemwa kwamba maofisa wa kisiwa cha Ellis waliyabadili majina ya wageni kwa sababu hawakuweza kuyaandika. Sivyo. Orodha ya abiria haikuandikwa kisiwani, bali iliandikwa na makarani wa kampuni ya meli katika bandari ya kuondokea, kama Napoli, Palermo au Genova. Karani wa Napoli aliyajua majina ya Kitaliana kama karani wa Tanga ayajuavyo majina ya Kibondei. Ofisa wa kisiwani alishika orodha iliyokwisha andikwa, akauliza maswali na kulinganisha majibu. Majina yalibadilika baadaye: shuleni, kazini, kanisani kwa padre asiyejua Kitaliana, na katika ofisi za uraia. Fundisho ni hili: kadiri karatasi inavyokuwa karibu na siku ya safari, ndivyo jina linavyokuwa karibu na asili yake.

2. Karatasi za Marekani na mitego yake

Mtafutaji huanza na alicho nacho karibu, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Katika Marekani karatasi kuu ni nne.

Ya kwanza ni hesabu ya watu, ambayo hufanywa kila baada ya miaka kumi na kufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ile ya mwaka 1890 karibu yote imepotea, kwa sababu ya moto wa mwaka 1921. Ile ya mwaka 1920 ina faida kubwa, kwani humwuliza kila mgeni mwaka aliofika na mwaka aliopata uraia. Lakini hesabu ya watu huonyesha walio nyumbani siku ile tu. Katika hesabu ya mwaka 1930 bibi yetu ameandikwa binti wa mwenye nyumba, na chini ya jina la baba yupo mke. Mtu asiyejua angesema, huyu ndiye mama. Kumbe ni mama wa kambo.

Ya pili ni hati ya uraia. Kwa mwanamke hati hii ina walakini mkubwa. Kabla ya tarehe 22 Septemba 1922 mke alifuata uraia wa mumewe: mume akila kiapo, mke naye huwa raia siku ile ile bila ya kuandikiwa hati yake mwenyewe. Tena kwa sheria ya mwaka 1907 mwanamke Mmarekani aliyeolewa na mgeni aliupoteza uraia wake. Baba wa bibi yetu alipata uraia mwaka 1921. Katika ombi lake mke ametajwa kwa jina lake la kwanza tu, basi.

Ya tatu ni cheti cha kuzaliwa na cheti cha kufa. Vyeti hivi huuliza jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, kwa hiyo ni hazina. Lakini thamani ya cheti cha kufa hutegemea ujuzi wa yule aliyetoa habari. Cheti cha kufa cha mama mwenyewe kilitolewa habari na jirani, na mahali pa majina ya wazazi wa marehemu pameandikwa neno moja: hawajulikani. Cheti cha kuzaliwa cha bibi kilikuwa na jina la ukoo wa mama, ila limeandikwa na daktari asiyejua Kitaliana, kwa jinsi sikio lake lilivyosikia. Kwa maandishi yale bibi alikuwa ametafuta miaka mingi, na hakuna ukoo ulioandikwa hivyo katika Italia nzima.

Ya nne ni orodha ya abiria. Tangu mwaka 1907 hivi orodha hizo zaeleza mengi: umri, kazi, mji aliozaliwa mtu, jina la ndugu aliyemwacha nyumbani, na jina la yule anayemwendea. Tangu mwaka 2001 orodha za New York zaweza kutafutwa katika intaneti. Hesabu ya mwaka 1920 ilisema kwamba mama alifika mwaka 1913. Bibi alitafuta katika mwaka huo kila mwanamke mwenye jina la ukoo wa baba yake, asimpate mama. Alimpata mtoto mchanga tu, msichana wa mwaka mmoja, mwenye jina hilo la ukoo. Akampita, kwa kuwa alijua kwamba yeye alikuwa mtoto pekee.

3. Majina ya watoto na utaratibu wake

Jambo lililofungua mlango halikutoka katika maktaba. Jumapili moja alikuja kunitembelea mwanafunzi mwenzangu, Mkikuyu wa Nyeri. Bibi alituandalia chakula, na katika mazungumzo akamweleza mgeni habari za ukoo wake. Alisema kwamba baba yake alilitaja sana jina la mama yake mzazi, yaani nyanya wa bibi upande wa baba, na kwamba yeye mwenyewe hakupewa jina hilo, ila jina jingine ambalo hakujua limetoka wapi. Mwenzangu akaweka uma chini, akasema, "Mama, basi wewe si binti wa kwanza."

Kwa nini alisema hivyo? Kwa desturi ya Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama. Sasa ni ajabu, lakini ni kweli, kwamba desturi ya watu wa kusini ya Italia ilikuwa hiyo hiyo. Desturi mbili hizi hazikuambukizana. Kila watu wameibuni yao kwa sababu moja, nayo ni kutaka wazee wasifutike. Waswahili wana neno zuri kwa mtu aliyepewa jina la mwingine: ni somo wake. Katika vijiji vile vya Italia kila mtoto alikuwa somo wa mtu, na kwa kuyapanga majina ya watoto kwa umri waweza kuyakisia majina ya babu na nyanya kabla ya kuiona karatasi yoyote.

Desturi hii ina mlango mmoja wa pembeni ambao mtafutaji hana budi kuujua. Mtoto akifa angali mdogo, jina lake mara nyingi hupewa mtoto wa jinsia hiyo hiyo atakayezaliwa baadaye, ili jina la mzee lisipotee. Kwa hiyo daftari huweza kuonyesha watoto wawili au watatu wa jina moja kwa wazazi wale wale. Anayechukua cheti cha kwanza akionacho huweza kumwandikia mtu aliye hai tarehe ya kuzaliwa ya marehemu ndugu yake. Katika ukoo huu haikuwa hivyo, kwa sababu bibi hakurithi jina la nyanya mzaa baba. Lakini kama hakulirithi, nani aliyelichukua?

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akaondoka, akaja na karatasi zake za zamani, akatuonyesha yule mtoto wa mwaka mmoja aliyempita. Jina la mtoto lilikuwa jina la nyanya mzaa baba.

4. Mwanamke na jina la baba yake

Katika orodha za abiria mama na mtoto huandikwa pamoja, mistari miwili ikifuatana. Tukaitazama orodha upya. Juu ya jina la mtoto palikuwa na jina la mwanamke wa miaka 22, mwenye jina la ukoo tofauti kabisa, na imeandikwa kwamba anamwendea mumewe katika Philadelphia. Jina la mume lilikuwa jina la baba wa bibi. Kwa miaka thelathini mstari ule ulikuwa mbele ya macho yake, na macho hayakuutambua.

Sababu yake ni sheria ya majina. Katika daftari za Italia mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake tangu kuzaliwa hata kufa, aolewe asiolewe. Karani wa Napoli alifuata desturi hiyo. Marekani desturi ilikuwa nyingine: mwanamke akiolewa huliacha jina la ukoo wake na kuchukua la mume. Basi mama yule alipanda meli akiwa na jina moja, akashuka katika nchi iliyompa jina jingine. Mwanawe alimtafuta kwa jina la pili katika kitabu cha majina ya kwanza.

Msomaji Mswahili hatashangaa sana. Fatuma binti Ali akiolewa na Juma bin Salim hawi Fatuma Juma. Hubaki binti Ali mpaka kaburini. Desturi yetu ya bin na binti yakaribiana na ile ya Italia kuliko ile ya Marekani. Tena Wataliana walikuwa na kitu kilichofanana na bin yetu, ila chenye faida zaidi. Katika hati zao za zamani jina la mtu hufuatwa na jina la baba yake, na kati ya majina hayo mawili huwekwa neno dogo. Neno likiwa di, maana yake ni mwana wa fulani, na baba huyo yu hai. Neno likiwa fu, maana yake ni mwana wa marehemu fulani. Asili ya fu ni kitenzi cha kuwa katika wakati uliopita, yaani alikuwa. Kwa herufi mbili karani amekupa habari ya kifo: kama mtu ameandikwa di katika hati ya mwaka 1905 na fu katika hati ya mwaka 1911, baba yake amekufa katika miaka sita hiyo, nawe umejua ni daftari gani la vifo utakalolifungua. Mwaka 1955 Italia ilitunga sheria ya kuondoa jina la baba katika hati nyingi, ili watu wasiojulikana baba zao wasiaibishwe. Ilikuwa ni haki, ingawa watafutaji wa nasaba wameikosa taa iliyowamulikia njia.

5. Kazi ya mwanaisimu

Sasa tulikuwa na jina la ukoo wa mama, lakini mwandiko wa orodha ulikuwa umefifia, na herufi mbili hazikusomeka. Tukatafuta ushahidi wa tatu. Mwaka ule ule wa 2012 jimbo la Pennsylvania lilikuwa limefungua kwa umma vyeti vya kufa vilivyotimiza miaka 50. Tukatafuta cheti cha yule mtoto. Alikufa mwezi wa Oktoba, 1918, akiwa na miaka sita. Mwezi huo ndio homa kuu ya mafua ilipoufyeka mji wa Philadelphia, ikaua zaidi ya watu 12,000 kwa muda wa majuma machache. Bibi alikisoma cheti kile mara mbili, akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa anajua kwa nini nyumba yao ilikuwa kimya.

Katika cheti jina la ukoo la mama limeandikwa kwa namna nyingine tena. Tukawa na maandishi matatu ya jina moja, na hakuna mawili yaliyofanana. Hapa nilijiona niko nyumbani. Mwanaisimu alinganishaye lugha za Kibantu hufanya kazi hii kila siku: ana maneno matatu kutoka lugha tatu, yaliyotoka katika shina moja, naye huuliza ni neno gani moja la kale lingeweza kuyazaa yote matatu kwa kanuni zinazojulikana. Jina lililoharibiwa na makarani watatu laweza kurudishwa kwa njia hiyo hiyo.

Kanuni za kwanza ni za maandishi. Irabu za Kitaliana zasomwa karibu kama zetu, a, e, i, o, u, kwa hiyo Mswahili huanza mbele ya Mwingereza. Konsonanti ndizo zipasazo uangalifu. Herufi c ikifuatwa na i au e ni ch yetu. Ch ya Kitaliana ni k yetu. Gn ni ny. Jina Cioffi, ambalo ni la kawaida upande wa Napoli, hutamkwa kwa ch ya chakula. Karani Mwingereza akilisikia huandika Choffy, na mwingine huandika Joffe. Atafutaye Choffy katika daftari za Italia atatafuta chini ya Ch, yaani chini ya sauti k, wala hataliona kamwe.

Kanuni za pili ni za matamshi ya kusini. Lahaja za upande wa Napoli hufifiza irabu ya mwisho wa neno hata isisikike vizuri, na watoto waliozaliwa Marekani wameiacha kabisa: jibini iitwayo mozzarella huwa muzzarell. Kinyume chake Kiswahili hakipendi neno la kigeni liishe kwa konsonanti, nacho hulivika irabu. Tena konsonanti zisizo na mtikiso hupata mtikiso: nyama iitwayo capocollo husikika gabagul midomoni mwa wajukuu wa wahamiaji. Na ikitanguliwa na n, sauti t hugeuka kuwa d katika lahaja nyingi za kusini. Mkikuyu wetu alicheka aliposikia, kwa kuwa katika lugha yake n ikikutana na t huzaa nd. Kwa kanuni hizi mji kama Montella, wa wilaya ya Avellino, waweza kumfikia karani wa Marekani ukiwa Mundell.

Kanuni za tatu ni za majina ya kwanza. Haya hayakuharibiwa na sikio, yalibadilishwa kwa makusudi, kila jina likapewa mwenziwe wa Kiingereza. Vincenzo alikuwa James, Gaetano alikuwa Thomas. Domenica aliitwa Minnie, na Filomena pia aliitwa Minnie. Kwa hiyo jina la mkato lililo juu ya kaburi halithibitishi kitu. Hutoa orodha ya majina mawili matatu ya kuchagua tu.

Tulipoyapima maandishi matatu kwa kanuni hizo, likabaki jina moja tu la ukoo lililoweza kuyazaa yote. Na katika orodha ya abiria, jina la mji wa kuzaliwa lilisomeka waziwazi.

6. Daftari za Italia

Mji ukishajulikana, kazi iliyobaki ni ya uvumilivu. Daftari za kanisa ndizo kongwe. Mtaguso wa Trento uliwaamuru maparoko mwaka 1563 waandike ubatizo na ndoa, na mwaka 1614 ikaamriwa vifo pia viandikwe. Daftari za serikali katika ufalme wa Napoli zilianza mwaka 1809, wakati wa utawala wa Wafaransa. Sicily zilianza mwaka 1820. Baada ya Italia kuungana, daftari za namna moja ziliwekwa katika ufalme mzima tangu mwaka 1866, na upande wa Roma tangu mwaka 1871.

Kila daftari liliandikwa nakala mbili. Moja hubaki katika ofisi ya mji, nyingine hupelekwa mahakamani, na baada ya miaka 70 huwekwa katika nyumba ya nyaraka ya serikali. Ulinzi huu wa nakala mbili umeokoa mengi katika nchi yenye vita na matetemeko. Tangu mwaka 2011 idara ya nyaraka ya Italia imekuwa ikionyesha picha za daftari hizo katika intaneti bila malipo, katika mahali paitwapo Antenati, yaani Mababu.

Hati ya kuzaliwa huandikwa kwa maneno yasiyobadilika, na mtu asiyejua Kitaliana huweza kujifunza kuisoma kwa siku chache. Husema mwaka na siku, jina la ofisa, jina na umri na kazi ya aliyeleta habari, saa ya kuzaliwa, nyumba na njia, jina la mama kwa ukoo wake mwenyewe, na jina alilopewa mtoto. Ndoa aliyofunga baadaye huweza kuandikwa pembezoni. Ipo pia mipaka. Mtoto aliyeokotwa alipewa ubini na ofisa, kama Esposito, maana yake aliyewekwa nje. Hapo nasaba hukatika, na muungwana hukubali kwamba imekatika.

Sisi tulifungua daftari la mwaka 1891. Jioni ya tatu tukaiona hati. Jina la kwanza la mama lilikuwa moja la yale ambayo jina la mkato la kaburini liliyaruhusu. Jina la ukoo lilikuwa lile tulilolipata kwa kulinganisha. Pembezoni imeandikwa ndoa yake ya mwaka 1911, na mume ni baba wa bibi yetu. Na jina la aliyemzaa, yaani nyanya mzaa mama, lilikuwa jina la bibi mwenyewe. Kumbe miaka 90 alikuwa somo wa mtu. Alikuwa ameubeba mkono mmoja wa ukoo wa mama yake katika jina lake, bila ya kujua amebeba nini.

7. Faida yake

Watu wengine hutafuta nasaba za Italia kwa ajili ya uraia. Sheria ya mwaka 1992 iliwapa nafasi hata wajukuu wa mbali, ingawa kwa muda mrefu aliyezaliwa na mama Mtaliana kabla ya mwaka 1948 hakutambuliwa ila kwa kwenda mahakamani. Mwaka 2025 sheria mpya iliubana mlango huo, na haki ikahusishwa hasa na wenye mzazi au babu au nyanya aliyekuwa Mtaliana. Bibi yetu hakutaka pasi ya kusafiria. Aliagiza jiwe jipya. Juu yake akaandikisha jina zima la mama kama lilivyo katika daftari la kijiji, kisha jina la mume kwa herufi zake sahihi, na chini yake jina la yule msichana wa miaka sita. Mwaka 2016 bibi naye alifariki, akazikwa hapo.

Jina lenyewe siliandiki hapa, kwa sababu ni lao. Lakini sina haki ya kuishia hapo bila kusema la kwetu. Usiku ule tulipoiona hati nilirudi chumbani nikajiuliza jina la nyanya yangu mzaa baba, nikaona silijui. Tangu utoto nilimsikia akiitwa Mama Fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni heshima kubwa katika desturi zetu kumwita mwanamke hivyo. Lakini heshima hiyo, ikipita vizazi viwili, hufunika jina kama mchanga ufunikavyo kisima. Na siku hizi katika fomu zetu binti huandikwa kwa jina la mume, na neno binti lenyewe lazidi kupungua. Sisi hatuna daftari la mwaka 1809 la kutuokoa. Tunazo daftari za misheni, vitabu vya makadhi, mawe ya makaburi, na zaidi ya yote vinywa vya wazee, ambavyo havina nakala ya pili.

Nilimpigia baba simu kabla ya mapambazuko ya kwao. Aliniuliza kwanza kama kuna msiba. Nilipomwambia nataka jina la mama yake, alikaa kimya kidogo, kisha akalitaja, na la mama wa mama yake, na la kijiji alikoolewa kutoka. Niliyaandika yote matatu usiku ule ule.